Katibu wa Wakili Yuko Dar es Salaam

Juma lililopita nilikaa kwenye benchi la ofisi ya wakili mmoja hapa Tunduma, nikisubiri hati yangu igongwe muhuri. Akaingia mama mmoja kutoka kijiji cha Ihanda, jogoo kwapani, akaomba kumwona wakili. Kesi yake ya shamba ilikuwa kesho yake. Mlango wa chumba cha wakili ulikuwa wazi, naye ameketi hatua tatu kutoka kwetu.

"Mama, miadi anapanga katibu," wakili alisema. "Yuko Dar es Salaam, anafanya kazi kwa simu na kompyuta. Mpigie."

Mama alipiga, simu ikiwa kwenye spika, akasalimia, akauliza habari za watoto. Katibu akamwambia nafasi ipo Alhamisi.

"Kesi ni kesho, mwanangu. Na wakili namwona hapa, anakula karanga."

"Kwenye kompyuta yangu yuko kikaoni, mama."

Wakili aliacha kutafuna. Mama akakata simu, akainuka.

"Jogoo huyu ni wa atakayenipokea," alisema. "Kumbe anayepokea yuko Dar. Ngoja nimpeleke jogoo stendi, apande basi."

Hapo wakili mwenyewe akampigia katibu wake, akaomba kwa upole aruhusiwe kuonana na mteja. Akapewa dakika kumi.

Jogoo alibaki Tunduma. Mimi niliyekwenda mikono mitupu nilipangiwa Alhamisi.