Msomaji Wangu wa Nyacheki

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nyamache, na hadithi yangu ya kwanza ilikuwa imechapishwa. Kilikuwa kijitabu chembamba kuhusu mjane aliyelia tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Walimu wenzangu walikisifu. Mchungaji alikitaja kanisani. Siku za soko nilianza kutembea polepole ili watu wapate nafasi ya kunisalimu.

Nakala moja niliipeleka kwenye darasa la ngumbaru, ambako watu wazima walijifunza kusoma. Kutoka huko ikaja barua ya kurasa nne, kwa penseli, ya mama mmoja mkulima wa chai kule Nyacheki.

“Mwalimu,” aliandika, “kitabu yako nimesoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta kama kuna mtu ndani. Sikumwona. Mimi ni mjane. Huyu wako analia tu. Nani anapika? Nani anachuma chai? Wewe uliuliza mjane gani?”

Nilichukua kalamu nyekundu nikaisahihisha barua yote kama insha ya mwanafunzi. Nilikusudia kuirudisha hivyo hivyo. Mke wangu, mwalimu pia, aliikuta mezani akaisoma.

“Sarufi umeisahihisha vizuri,” akasema. “Na swali lake umelijibu wapi?”

Sikuwa nimemuuliza mjane yeyote. Mama yangu mzazi alikuwa mjane tangu nikiwa darasa la tatu, na hata yeye sikumuuliza.

Jumapili nikapanda baiskeli hadi Nyacheki. Nilimkuta katikati ya chai yake, kikapu mgongoni. Nilipojitambulisha, hakuacha kazi.

“Karibu, mwalimu. Basi chuma tukiongea. Majani mawili na kichipukizi chake, usiniharibie.”

Nikachuma. Alisimulia kwa Kigusii, bila kunitazama.

“Wiki ya pili baada ya mazishi nilirudi hapa. Chai ilikuwa imekomaa, ningefanyaje? Shemeji yangu akaja kuniamrisha mbele ya watu nirudi nyumbani kuomboleza. Akateleza kwenye matope, akakaa ndani ya kikapu changu, kikamnasa. Mwalimu, nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu nikajiogopa. Usiku nililia, ndiyo. Lakini siku ile nilijua nitaishi. Mambo kama hayo kwenye kitabu chako hayamo.”

Niliporudi nilipitia kwa mama, nikamuuliza aliishije miaka ile ya kwanza. Alitumiminia chai kwanza.

“Ndiyo unauliza leo?” akasema. Kisha akaanza kuongea, na chai ikapoa vikombeni.

Kitabu cha pili kilinichukua miaka miwili. Kabla ya kupeleka muswada Nairobi, niliupeleka Nyacheki. Yule mama alisoma kwa kidole, midomo ikicheza, nami nimeketi kwenye kigoda nikihema kama mtahiniwa. Kila alipoanza kusinzia aliweka jani la maharagwe katikati ya karatasi. Majani yalifika tisa.

“Hapa unatuhubiria,” alisema akigonga jani moja. “Tuna mchungaji tayari.”

Niliziondoa sehemu nane. Ya tisa niliipenda mno, nikaiacha kwa ukaidi. Kitabu kilipotoka kilipendwa kuliko cha kwanza, na barua zilizokuja kukilaumu karibu zote zililaumu sehemu hiyo hiyo.

Aliendelea kunisomea hivyo kwa miaka, nami nikaendelea kukasirika kila mara, kwa siku moja au mbili, kisha nikakaa mezani kurekebisha. Mwishoni mwa miaka ya sabini macho yake yalififia, ikawa mimi namsomea. Tuliketi barazani kwake, chai ikitandaa mbele yetu hadi bondeni. Jambo lisipomkaa vizuri aliinua mkono.

“Rudia hapo, mwalimu.”

Nilirudia, na mara nyingi kosa nililisikia mwenyewe kabla hajalisema.