Meli Aliyomwekea Mdogo Wake

Gunvor Hedlund, jirani yangu wa ghorofa ya juu, amekaa Stockholm tangu ujana wake, na hajawahi kuiona ile meli ya kale ya makumbusho. Kutoka mlangoni kwetu ni kuvuka na feri tu! Msimshangae, watu wa hapa ndivyo walivyo. Mnara, kasri, makumbusho, vyote ni vya kuonyesha wageni. Mgeni wa Gunvor ni Vendela, mdogo wake aliyebaki kwao kaskazini, na kila kiangazi Gunvor alimwahidi kwamba wataenda pamoja. Kila kiangazi likazuka jambo: mara mvua, mara zamu yake ya chumba cha pamoja cha kufulia nguo, ambayo kwenye jengo letu hakuna anayeiacha hata akifiwa.

Mwaka huu Vendela akapiga simu kusema macho yanakwisha. Gunvor alilia jikoni kwangu mpaka kahawa ikapoa.

"Zamu ya kufua chukua wewe," akaniambia. "Mimi nampeleka mdogo wangu."

Hapo nikajua mambo ni mazito. Zamu yenyewe nikaiacha ipotee, nikafuatana nao.

Mle ndani ya makumbusho, lo, giza! Mbao za kale hazitaki mwanga. Vendela akashika ukingo wa chuma, akainua shingo, akapepesa macho.

"Naona weusi tu, dada. Ikoje?"

"Kubwa," akasema Gunvor.

"Kubwa! Miaka yote hiyo unanisubirisha, leo kubwa tu?"

Nilitamani kumfinya. Gunvor ni mtu ambaye kwenye basi hata kukohoa anaona haya. Lakini akaanza kumsimulia: simba wa kuchongwa, nyuso zenye mashavu yaliyovimba, matundu ya mizinga safu kwa safu. Sauti ikapanda. Watu wakageuka kututazama, naye hana habari nao. Tukaizunguka meli nzima mpaka sauti ikamkauka.

Tulipokaa mkahawani na mikate ya iliki, alimshika mdogo wake mkono.

"Nisamehe, Vendela. Ningekuleta ulipokuwa unaona."

"Nilishaiona," akajibu Vendela. "Zamani, nilikuja na wenzangu wa kazini."

"Ati nini? Mbona hukuniambia?"

"Ungesema basi, hakuna haja ya kwenda. Na mimi nilitaka kutoka na wewe."