Redio Sikioni

Muuza nyama mzee wa mtaa wetu huku Milwaukee haamini watangazaji wa televisheni. Baa nzima ikitazama besiboli, yeye hubana kiredio sikioni, na kwa kuwa redio hutangulia picha kidogo, sisi husoma matokeo usoni mwake kabla mpira haujarushwa kwenye televisheni. Vidole vyake vinene hupasua karanga polepole. Kila Julai timu ikitaka kumtoa nyota kwa timu nyingine ili ipewe chipukizi, yeye ndiye wa kwanza kuitetea: "Vumilieni, jamani. Tunajenga."

Juzi ikawa zamu ya Kowalczyk, mrushaji wetu bora, abadilishwe kwa vijana watatu wa ligi ndogo.

"Aende tu, mzee," Delmar, kijana mwenzetu wa baa, akamwambia. "Hao watoto wakiiva, ubingwa wetu. Miaka mitano hivi."

"Mitano?"

"Mitano, sita. Kwani una haraka ya wapi?"

Muuza nyama akapasua karanga, asiile. Kisha akaitoa redio sikioni, mchezo ukiendelea, akaizima. Kwenye kioo cha televisheni Kowalczyk aliinua mguu kurusha. Tulimtazama mzee usoni kama kawaida yetu, naye alikuwa anangoja kama sisi.