Ngozi Aliyonitandikia Kaka

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya simu ya wifi. Alisema ng'ombe wao alikutwa amekufa, damu inamtoka puani wala haigandi, na kaka yangu Masanja akamchuna. Nyama wifi aliikataa katakata, ikafukiwa. "Sasa kaka yako ana kidonda mkononi, cheusi katikati. Ila anasema hakiumi." Mimi nafanya kazi maabara. Huko kutouma ndiko kulikonikata maini.

Basi liliposimama Lamadi, wachuuzi wa samaki walijaa madirishani. Sikununua kitu. Nilikuwa namwaza bakteria wa kimeta, ugonjwa wa ng'ombe unaoua hata watu na ambao kidonda chake cheusi hakiumi. Bakteria huyo hukaa udongoni miaka na miaka, amejifungia kwenye ganda ambalo hata kiangazi hakilivunji. Ana ndugu zake humohumo udongoni, wanaofanana naye hadi wataalamu hubishana kama ni spishi mbalimbali au moja. Wengi wao hawana makali yake. Abiria wa pembeni aliniuliza kama naumwa. Nikamjibu hapana, naogopa tu.

Bariadi nilishuka mchana, nikachukua bodaboda hadi kijijini. Masanja alinilaki kwa salamu za Kisukuma, mkono mmoja ameuficha.

"Mwadila, mdogo wangu!"

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu, eti ni salama tu.

Akakunjua ngozi mpya, akanitandikia kivulini kwa heshima zote. Nikabaki nimesimama.

"Ni ya yule ng'ombe aliyekufa?"

"Ndiyo. Kaa."

Nikamweleza yote kuhusu kimeta, hata habari za wale ndugu zake wasio na makali. Hapo ndipo aliponishika.

"Basi huenda ni yule mpole. Pima kwanza. Ukiniletea jina lake, nitakwenda hospitali. Siwezi kuacha ng'ombe kwa kitu kisichouma."

Nilibembeleza, nikafoka, wifi akalia. Wapi! Na uvimbe ulikuwa umeshapanda hadi kiwikoni. Hofu na hasira vikanipanda pamoja. Nikaketi juu ya ile ngozi, nikanyoosha miguu.

"Kama ni mpole, nitakaa hapa mpaka majibu yatoke."

"Ondoka hapo!"

"Wewe kwanza."

"Mdogo wangu, ondoka, nakuomba!" Kumbe aliniamini tangu mwanzo. Akaingia ndani kuchukua shati la kwendea hospitali.

Hospitalini daktari hakungoja jina. Alichukua sampuli ya kidonda, akaanza sindano papo hapo, na mimi akanipa vidonge. Bwana mifugo akaenda kusimamia uchomaji wa ngozi.

Njia nzima ya kurudi Mwanza nilikipakata kisanduku cha sampuli alichonikabidhi daktari nikaipime. Kila basi lilipoingia shimoni, nilikikaza kifuani.

Mwanza, baada ya kuwaotesha bakteria wale, niliwatazama kwa hadubini. Vijiti vilivyopangana kama mnyororo. Yule ndugu mpole huogelea, kimeta hajui. Nikawabembeleza: ogeleeni, jamani, ogeleeni! Hakusogea hata mmoja. Vipimo vingine vikasema hivyohivyo.

Nikampigia Masanja wodini. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka.

"Ni yule mpole?"

"Siye, kaka. Ni kimeta chenyewe."

Nikawaza: kama tungengoja jina hilo pale kijijini, nani angelipokea? Jina la mdudu linaweza kungoja. Mgonjwa hawezi.

"Na wewe," akasema, "vidonge unameza?"

"Nameza."

"Meza sasa hivi, nisikie."

Nikaweka simu karibu na kikombe, nikameza kwa funda kubwa ili asikie.