Brashi na Mausi ya Gololi

Shemeji yangu hapendi kusaidiwa. Ukimshikia ngazi anakuuliza lini amegeuka mtoto. Ukimfungulia kopo la rangi analifunga tena, kisha analifungua mwenyewe. Dada yangu, ambaye ndiye mke wake, aliizoea tabia hiyo zamani. Mimi sijaizoea na sina mpango. Nimefanya naye kazi miaka mingi katika karakana yake ya vibao, yeye akiandika, mimi nikipokea wateja na kuendesha mashine ya kukata stika, na sikumbuki siku iliyopita bila kurushiana maneno. Yeye ni shemeji na mimi ni shemeji. Utani tumepewa bure, basi tunautumia.

Watu wanamwita Brashi. Jina lake halisi lipo kwenye leseni ya biashara, na nadhani hata yeye hushtuka akiliona. Kabla kompyuta hazijaingia kwenye kazi yetu, karibu kila kibao mtaani kilitoka mkononi mwake: kinyozi, duka la dawa, fundi viatu, wakili wa ghorofani. Herufi zake huwezi kuzikosa. R yake inatanguliza mguu kama mtu anayeshuka ngazi. S yake ina tumbo. O yake imeegea upande kidogo, utadhani inasikiliza maneno ya jirani. Nilipoanza kazi niliona kama amekosea, nikamwambia. Alinitazama kutoka juu ya ngazi, akasema, "Shemeji, wewe pokea wateja."

Akiandika, mkono wake wa kushoto ulishika fimbo ndefu iliyofungwa kitambaa kwenye ncha, na ncha hiyo ikagusa ubao. Mkono wa kulia uliegemea juu ya fimbo na kutulia hapo. Vilivyocheza ni vidole tu. Akifika kwenye kona ya herufi aliizungusha brashi kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, nayo rangi ikageuka pamoja nayo bila kukatika. Wateja walikuwa wakija kuulizia bei, wanasimama kutazama, wanaondoka bila kuuliza.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Sikuambiwa, niligundua kwa chai. Mtu aliyekuwa akinung'unika kikombe kisipojaa alianza kuniambia, "Nusu tu, shemeji, nimeshiba." Akawa anakunywa akiwa ameugeukia ukuta. Daktari alisema si ugonjwa wa kutisha, ni mishipa na umri, akampa dawa ya kupunguza. Dawa ikapunguza. Kwa kufunga vifungo vya shati ilitosha, kwa kuandika herufi haikutosha.

Kibao cha mwisho alichoandika kwa mkono ni cha dada. Dada anashona mapazia, duka lake liko ng'ambo ya barabara, tunatazamana naye. Kibao kinasema hivyo tu, MAPAZIA. Herufi za mwanzo zilitoka vizuri. Alipofika kwenye Z mkono ulikuwa umechoka, ukafanya ulivyotaka. Ule mstari wa mshazari ulitoka na meno, kama ukingo wa kitambaa kilichokatwa kwa mkasi butu. Alitaka kufuta kibao chote. Dada akasema ana haraka, kitundikwe hivyo hivyo. Kikatundikwa. Shemeji akaosha brashi zake zote, akazitia kwenye kopo, akafunika. Tangu siku hiyo akienda dukani kwa mkewe hupitia mlango wa nyuma. Anasema ni karibu zaidi. Si karibu hata kidogo, unalizunguka jengo zima.

Basi nikawa naandika vibao kwa herufi zilizomo kwenye kompyuta. Wateja hawakulalamika, kazi ilikwenda haraka. Yeye alikaa mlangoni akikoroga rangi ambazo hakuna aliyeziagiza. Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini picha ile ilinikata maini.

Siku moja aliacha kukoroga. Akasema anataka herufi zake ziingizwe kwenye kompyuta, zote, ili mashine izikate kama inavyokata hizo nyingine. Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Vibao vyake vilikuwa vinashushwa kimoja kimoja, wenye maduka wanataka vya plastiki vyenye taa. Vikiisha mtaani, herufi zake zimekwisha. Kuzichora upya hawezi. "Mimi sikuwa nazijua kwa kichwa," aliniambia. "Mkono ndio uliokuwa unazijua."

Nikazunguka na simu nikapiga picha vibao vilivyobaki. Kazi yenyewe haina maajabu: unafungua picha, unapanda nukta kuzunguka ukingo wa herufi, kompyuta inaziunganisha. Mtu mwenye mkono mtulivu anaifanya huku akipiga soga. Shemeji aliusogeza mshale hadi ukingoni, vizuri kabisa. Tatizo lilikuja kwenye kubonyeza. Kidole kikibonyeza mkono unashtuka, mkono ukishtuka mausi inasogea, mshale unaruka, nukta inaangukia nje. Anafuta, anaanza tena. Alishinda mchana kutwa kwenye mguu wa R, na ulipokwisha ulikuwa kama umeng'atwa na mbwa. Maneno aliyoiambia ile mausi siyaandiki hapa.

"Niachie mimi," nikasema. "Nitamaliza wiki hii hii."

"Zitakuwa herufi zako."

"Zitakuwaje zangu? Si nafuata mstari wako?"

"Shemeji, mtu akikuwekea sahihi, hiyo sahihi ni ya nani?"

Nikakasirika. Nikaenda kukata stika kwa kelele nyingi kuliko zilizohitajika.

Mwisho wa korido letu kuna fundi kompyuta, mtu wa maneno machache, chumba chake kimejaa vifaa vya ofisi zilizofungwa. Nikamweleza shida. Akachakura kwenye boksi, akatoa kitu kama mausi iliyovimba, na juu ya mgongo wake imekaa gololi nyekundu, kubwa kama limau dogo.

"Hii haitembei," akasema. "Inakaa mahali pamoja. Unazungusha gololi, mshale ndio unatembea."

Nikaipeleka mbio. Shemeji akaishika, akaisukuma mezani. Kwenye kioo cha kompyuta hakuna kilichojiri. Akaisukuma mpaka ukingo wa meza.

"Umeniletea maiti," akasema.

"Haisukumwi hiyo. Zungusha gololi."

Akaisukuma tena, safari hii polepole, kana kwamba mwanzo alikosa adabu tu. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hapo nilikosea, nakiri. Alikunja uso, akaichomoa, akaitupa nyuma ya makopo ya rangi. "Hicho ni kitu cha wagonjwa," akasema, akairudia mausi yake.

Namjua shemeji yangu. Ukimshauri anakataa, ukimwacha anakuja mwenyewe. Kwa hiyo nikanyamaza, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ilikuwa kazi ya shokoa. Alasiri moja nilikuwa nimempa mgongo, nabandua mabaki ya stika, nikagundua kwamba matusi yamekoma. Nikageuka. Ile gololi ilikuwa mezani. Kiganja chake kimeegemea kwenye mgongo wa kile kifaa kama kilivyokuwa kikiegemea kwenye fimbo, na kidole gumba pamoja na cha shahada vinaizungusha gololi. Mzunguko ule nilikuwa naujua. Ndivyo alivyokuwa akiizungusha brashi kwenye kona. Kwenye kioo mshale ulikuwa unalizunguka tumbo la S.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo. "Njoo uone."

Akausimamisha mshale ukingoni mwa herufi. Kisha akauinua mkono. Ukabaki hewani kati yetu, unatetemeka kama kawaida yake, na hakuuficha. Ilikuwa mara ya kwanza kuniachia niutazame. Mshale kwenye kioo haukusogea.

"Umetulia," akasema.

"Umetulia."

"Mimi natikisika huku, wenyewe uko kule, wala hauna habari." Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akabonyeza. Nukta ikakaa pale pale alipoitaka. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nukta inavyostahili kutazamwa.

Machozi yakanitoka. Nikasema ni harufu ya gundi.

"Gundi hiyo haina harufu," akasema.

Toka siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Vumbi likiingia mshale unakwamakwama, basi huitoa gololi kwenye tundu lake, huipangusa kwa pindo la shati, huchokoa uchafu kwa kijiti cha meno, huirudisha kama anayerudisha yai kwenye kiota. Wateja wakikaa kwenye kiti chake wanaisukuma, kama alivyoisukuma yeye. Sasa yeye ndiye anayecheka! "Haisukumwi hiyo," anawaambia, utadhani alizaliwa akilijua hilo. Nami nilijaribu siku moja alipotoka. Mshale ulinikimbia pembe zote za kioo kama kuku aliyekata kamba. Alinikuta hapo, akanihurumia. "Shemeji, wewe pokea wateja."

Herufi zikaingia moja baada ya nyingine, polepole lakini zikiwa zake, na mguu wa R ukapona. Ikabaki Z. Kibao cha zahanati kilikuwa kimepakwa rangi juu. Kibao cha duka la mazulia kilishushwa pamoja na duka lenyewe. Mtaa mzima ulikuwa umebakiwa na Z moja, yeye alijua iko wapi, mimi nilijua iko wapi, na tukajifanya hamnazo. Akachora tarakimu. Akachora mkato. Akachora alama ya kuuliza, ambayo hakuna mteja aliyewahi kuitaka kwenye kibao tangu karakana ifunguliwe.

Asubuhi moja akasimama, akachukua simu. "Twende."

Tukavuka barabara. Akasimama mbele ya duka la dada, mbele hasa, uso kwa uso na kibao. Akapiga picha, ikatoka ukungu mtupu. Akapiga nyingine, ukungu. Akanipa simu. Nikapiga haraka kabla hajabadili mawazo.

Dada akatoka, tepu ya kupimia shingoni. "Baba watoto, leo mlango wa mbele? Umepotea njia?"

"Nimefuata Z."

"Ichukue. Uirudishe."

"Nitakutengenezea kibao kingine," shemeji akasema, macho yakiwa chini. "Sasa naweza. Hiki kinanitia aibu."

Dada hana mdomo mrefu kama wangu. Alikitazama kibao, kisha akamtazama mumewe. "Aibu ni yako," akasema. "Kibao ni changu. Wateja wakiniuliza nani kaandika, nawaambia ni mume wangu. Ukikigusa utalala humu dukani na vitambaa." Akaingia ndani. Tulikuwa tumeshageuka kuondoka aliposema tena kutoka ndani, "Na ukirudi, upitie mlango huo huo!"

Tulivuka barabara shemeji akiwa mbele, na alipoketi hakuvua hata kofia. Akaifungua picha ile, akaikuza mpaka Z ikajaa kwenye kioo, meno yake yote nje.

Mimi nilijua atakachofanya. Z ni herufi ya mistari iliyonyooka, ukipanda nukta kwenye kona tu kompyuta inakupa mistari safi kama ya rula. Na kwa gololi ile angeweza kuipanda nukta popote alipopenda. Akaanza juu. Akapanda nukta. Akapanda nyingine karibu nayo, na nyingine karibu na hiyo, akaingia kwenye jino la kwanza, akatoka, akaingia la pili. Hakuruka hata moja. Nilisimama nyuma yake nikiuma ulimi, mpaka ukanishinda.

"Shemeji, hapo nyoosha tu. Nukta mbili zinatosha."

"Najua."

"Sasa mbona unaufuata mtetemeko?"

Akauinua mkono kutoka kwenye gololi. Ukatikisika hewani kama ulivyozoea, na mshale ukamsubiri pale pale alipouacha, kwenye jino.

"Ule wa mausi ulikuwa unaingia bila hodi," akasema. "Huu nimeukaribisha mwenyewe."

Akabonyeza.

Alipomaliza aliegemea kiti, akaomba chai. Nikammiminia nusu, kama kawaida. Akachungulia kikombe.

"Jaza," akasema.

Nikajaza mpaka juu. Ilimwagika njiani, kwenye shati na kwenye meza. Akaisogeza gololi pembeni isilowe, akanywa yote.