Mahali pa Gunia

Shemeji yangu ni fundi wa mashua. Mashua zenyewe ndogo, za mbao, tanga moja, za mtoni tu; watu sita wakiingia wameshabanana. Anazichonga tangu ujana wake na kuziendesha mwenyewe, na miaka yote hiyo usukani ameushika yeye na katikati amekaa kaka yake, yaani mume wangu.

Mume wangu alikuwa mzito. Mashua ndogo inataka uzito, tena uzito unaohama: tanga likija upande huu, wewe unakwenda ule, la sivyo mnakunywa maji. Wengine huweka magunia ya mchanga. Wao walimweka mume wangu. Watu wakamwita Gunia, na mimi wakataka kuniita Mama Gunia, jina ambalo sikuliitikia hata siku moja.

Ndani ya mashua hawakusemeshana. Shemeji anagonga ubao kwa kisigino, mara moja, Gunia anahama. Basi. Nyumbani waligombana hata kwa chumvi, lakini mle ndani kisigino tu.

Gunia alifariki kwa homa, kitandani, nchi kavu. Mvua zikaja zikaisha, shemeji hajagusa maji. Mashua imefungwa kwenye kigingi, yeye yuko mlangoni mwa karakana anaitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani. Binti yake anayekaa mjini akaja na mumewe, akamwambia, baba, njoo ukae kwetu, mashua mwachie mkweo, naye ni mtu wa mto, atakuwa anakuja kuiendesha. Shemeji akafikiri siku nzima. Kisha akasema atatoka mara moja, kutwa moja, mpaka kisiwa cha mchanga na kurudi. Akiweza kusafiri bila kaka yake, anabaki na kazi yake. Asipoweza, wamfungie mizigo.

Mkwe akataka kujaza mchanga kwenye magunia. Shemeji akasema, "Asiye na mwana aeleke jiwe, sawa. Lakini mimi sijui kuongea na mchanga."

Nikasema nitakaa mimi.

"Mama mkubwa, na magoti hayo?" binti akauliza.

Nikamwambia magoti yangu hayajawahi kwenda mjini kuomba ushauri.

Tukatoka asubuhi, mashua tatu. Mbili zilibeba binti na watoto wake, sufuria na mikeka, na mkwe akiongoza ya mbele. Ya kwetu ilikuwa na sisi wawili tu. Nikaketi alipokuwa akiketi Gunia. Ubao ule umebonyea kidogo na umelainika kwa kukaliwa. Nilidhani nikikaa pale nitasikia kitu. Nilisikia ubao.

Mto ulikuwa mpana na wa kahawia, upepo unatusukuma kwa nyuma. Watoto wanaimba huko mbele. Nilikuwa nawasikia kama unavyosikia redio ya nyumba ya pili.

Tulipofika kwenye kona, kisigino kikagonga. Nikakisikia vizuri sana. Nikageuka kumtazama, kama anavyogeuka mtu yeyote mwenye adabu akiitwa. Tanga likapita juu ya kichwa changu, mashua ikalala, maji yakatuingilia mpaka vifundoni.

"Usinitazame," shemeji akasema. "Ukinitazama umeshachelewa."

Kona iliyofuata nikageuka tena. Mwili ulishazoea heshima, nifanyeje. Maji tena. Shemeji akajaribu kutumia maneno, kulia, kushoto, lakini mpaka neno litoke mdomoni tanga limeshapita. Mkwe akapaza sauti kutoka mbele akiuliza kama mama anasafiri au anaoga. Nikamjibu kwamba nafua, alete na za kwake. Wakacheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa anakomba maji kwa kopo, taratibu, kama anachota ya kupikia.

Kisiwani tukala tulichobeba. Shemeji alikaa ameupa mto mgongo, akaanza kumwelekeza mkwe: kamba ya tanga imechoka, ibadilishwe, mbao za chini zisikae juani zikapasuka. Nikaelewa kwamba ameshaanza kuhama. Nilikunja gauni, nikalifunga magotini, nikarudi kukaa mahali pangu kabla ya wote. Sikuzaliwa kushindwa na kisigino.

Kurudi upepo ulikuwa wa mbele, kwa hiyo ni kwenda upande na upande, ukingo hadi ukingo, tanga halitulii. Nikachagua fundo moja la mti kwenye mlingoti, nikalitazama hilo. Kisigino kikagonga, nikahama. Kikagonga, nikahama. Baada ya muda sikujua tena kama nahama kwanza au kinagonga kwanza. Halikuingia hata tone. Tukampita mkwe, tukawapita watoto, na watoto wakaacha kuimba.

Nilijua tumeshinda. Shemeji atabaki. Nilikuwa natafuta furaha mahali inapokaa, sijaipata bado, lakini nilijua ipo njiani.

Tulipofika akafunga mashua kwenye kigingi, asishuke. Mimi nikageuka sasa, kwa kuwa hakukuwa na tanga tena.

"Umekaa kama yeye," akasema.

"Nimekaa kama mimi."

"Shemeji, nilijiandaa kumkosa. Sikujiandaa kumpata, kutoka kisiwani mpaka hapa, mgongo uleule, halafu tufike, ageuke, awe wewe."

Akafungua tanga, akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akampelekea mkwe. Nilikamua upindo wa gauni, ulioloa tangu asubuhi. Maji ya mto yakatoka, mengi tu, nikayaangalia yanavyoingia mchangani.

Mizigo ilikuwa michache: nguo, randa, patasi ambayo hatachongea kitu huko mjini. Siku ya safari gari lilichelewa, tukakaa sote wawili kwenye benchi la karakana, mimi na yeye. Mashua iko pale majini, mkwe anaipaka mafuta.

Kisigino chake kikagonga chini, mara moja. Sijui alisahau au mguu ulikufa ganzi.

Nikasogea. Sikumtazama.