Jina la Ambokile kwa Vipande Vitatu

Nakumbuka siku moja nilipomfanya mama wa watu aamini hajui tena kusoma, na hadi leo naona aibu kuisimulia. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, mwanangu, mjuaji kupita kiasi, nikijifunza kuchapa vitambaa kwa mkono kwenye kibanda cha Mzee Silwimba pale Tunduma, jirani na foleni ya malori.

Mzee yule alikuwa na vipande vitatu tu, alivyovikata kwenye mpira wa tairi na kuvigundisha kwenye vibao: mraba, pembetatu na robo duara. Kwa hivyo vitatu aliunda herufi zote. Robo duara nne zikikutana, umepata O. Unachovya kipande kwenye rangi, unagandamiza, unachukua kingine. Mimi niliona ni mchezo wa chekechea, nikachonga kwa siri herufi zangu nyembamba, zenye mikia na madaha.

Siku hiyo Mzee alikuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde kununua rangi. Akaja mama mmoja kutoka Mbebe na kitambaa cheupe, kirefu, alichokitarizi mwenyewe kwenye kingo. Mwanawe Ambokile, utingo wa lori, alikuwa amefariki, na kesho yake walikuwa wanaweka msalaba kaburini. Alitaka kichapwe jina la mwanawe, kifungwe kwenye ule msalaba.

"Nitalisoma mwenyewe mbele ya watu," akaniambia. "Yeye ndiye alinifundisha kusoma, tukishatoka shamba."

Nikachapa kwa herufi zangu. Rangi ikatambaa kwenye nyuzi, matundu ya A na B yakaziba, mikia ikashikana. Niliona, lakini bado nikajisifu moyoni. Yule mama akapitisha kidole, akarudia, kisha akakaa chini.

"Basi nimeshasahau," akasema. "Mwanangu kaondoka na kusoma kwangu."

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko herufi zenyewe.

Mzee Silwimba alipoingia akatutazama, akakitazama kitambaa. "Mama, hujasahau kitu. Hata mimi hapa sioni jina." Akanigeukia, wala hakupandisha sauti. "Binti, umejiandika wewe."

Tukaukata upande ule, na tarizi zake zikaenda nao. Nikashika vipande vitatu, nikaacha nafasi ya kidole kati ya herufi na herufi. Mama akainama, akasoma polepole kwa sauti, silabi moja moja, mpaka mwisho.

"Ndiye," akasema. Akalia, nami nikalia.

Mwanangu, wewe siku hizi unapanga maumbo yako kwenye simu kabla hujashika mpira na kisu, na kwa kweli una jicho kunishinda. Lakini usiongeze mkia kwenye herufi kabla hujajua nani ataisoma na anaihitaji kwa nini. Maumbo machache yanatosha ukiyapanga kwa subira. Na ukikosea, sema upesi, kabla aliyekuamini hajajilaumu yeye. Herufi nilizirekebisha siku ile ile. Ule ukimya wangu sijapata wa kunisaidia kuufuta.

Mungu aitulize mikono yako, akupe moyo wa kumwona mtu kabla ya kazi yako, na kila jina utakalochapa limfikie anayelisubiri.